Siporo Iliyomtolea Zaina Jeneza Akiwa Hai

Naanza na waliokuwepo, kwa sababu aibu ya mbele za watu ina mashahidi wake na ni afadhali niwataje mimi kabla hawajajitaja wenyewe. Alikuwepo Rehema, mjukuu wangu, binti wa Shabani mwanangu wa kwanza, na yeye ndiye mwenye ile suruali (nitaieleza hiyo suruali, msiwe na haraka). Alikuwepo Papa Idi, fundi cherehani, ambaye mlango wake unatazamana na wangu na sijawahi kutupa maji nje asiyaone. Alikuwepo Mzee Saidi, binamu ya marehemu mume wangu, anayefagia msikiti na kutunza funguo zake. Alikuwepo Maman Devota wa Nkungu, anayetuletea kabichi tangu huyo Devota hajazaliwa, wakati ule tukimwita Vestina. Alikuwepo Innocent, motari wa pikipiki, ambaye si ndugu wa yeyote hapo ila anatubeba sisi sote. Na alikuwepo Mariamu pamoja na mama yake, Zaina.

Zaina sijui nimwite nani wangu. Tulizaliwa nyumba mbili zilizogusana hapa Kamembe, kando ya ziwa, yeye akanitangulia miezi miwili, na mama yangu alipokosa maziwa mimi nilinyonya kwa mama yake. Kwa hiyo ni dada, kwa hiyo ni zaidi ya rafiki, na wakati mkasa huu unatokea ilikuwa miaka minne hatujasemeshana.

Mimi ni Asha, wengi wananiita Maman Shabani, nina miaka sabini na minne, na mpaka leo nikipita sokoni kwa haraka kidogo lazima mtu mmoja aulize kama kuna msiba tena au ni mimi tu napita. Naona haya kuandika, lakini nitaandika.

Mambo yalianza kwenye kituo cha afya. Dokta, mtoto mdogo tu mwenye miwani, aliniambia sukari imepanda na tansiyo, presha ya damu, imeifuata, akasema, «Mama, dawa peke yake haitoshi, unapashwa kutoka jasho.» Nikamwambia jasho linanitoka kila siku jikoni. Akacheka, akaandika kwenye karatasi, na Rehema aliposoma ile karatasi nyumbani akapiga makofi, akasema sasa hakuna kisingizio, Jumapili nitaenda naye kwenye siporo ya watu wote, ile ambayo barabara inafungwa na watu wanakimbia kundi kwa kundi wakiimba na kupuliza filimbi.

«Bibi, tuende tu, bamama bazee bako mingi kule!»

«Wazee wengine siwajui,» nikamwambia, «lakini huyu mmoja hatakimbia mbele ya mji mzima.»

Nilisema hivyo kwa mdomo. Moyoni ilikuwa kitu kingine. Nilikuwa nasimama dirishani kila Jumapili, nimeshika pazia, nikiwaangalia wakipita, na miguu yangu chini ya kitenge ilikuwa inapiga hatua peke yake kama mtoto anayesikia ngoma. Kwa sababu mimi nilikuwa mkimbiaji, wenzangu. Hamtaamini mkiniona sasa. Nilikuwa mkimbiaji mpaka nilipofika miaka kumi na sita nikaolewa, na wiki ya kwanza tu mama mkwe wangu, Bibi Tausi, aliniona nimekimbia kuokota nguo mvua ilipoanza, akanikalisha chini akaniambia mwanamke aliyeolewa hakimbii, akikimbia watu watauliza amefukuzwa na nani. Basi nikaacha. Likizo yangu ya kukimbia ilidumu miaka hamsini na minane.

Kabla ya hapo tulikuwa tukikimbia wawili, mimi na Zaina. Madrasa ilikuwa ikitoka jioni, Maalim Yusufu akisema tu maneno ya mwisho ya dua sisi tumeshavua viatu, tumevishika mkononi, tunangoja «amin», na ikitoka hiyo amin tunateremka ile njia ya kwenda ziwani kama mawe yaliyosukumwa. Zaina alikuwa na miguu mirefu, hatua yake moja ni mbili zangu, lakini aliogopa kona. Mimi nilikuwa mfupi na sikuogopa kitu. Kwa hiyo kwenye njia iliyonyooka ananipita, kwenye kona nampita, na chini tunafika pamoja, tunaingiza uso mzima kwenye maji, tunainuka tunaiangalia Bukavu ng'ambo na hatuwezi kusema kwa kucheka. Hakukuwa na zawadi. Hakuna aliyekuwa akitungoja. Mpaka leo nikisikia harufu ya maji ya ziwa asubuhi, kifua changu kinafunguka kama mlango, halafu nakumbuka nina miaka mingapi, kinajifunga.

Sasa tuligombania nini? Kilikuwa kitu kidogo, na kosa ni langu, naliandika hapa wazi. Mume wangu Ramadhani alipofariki tulimzika siku ileile kama kawaida yetu, na Zaina hakuwepo, alikuwa Bukavu kwa binti yake mwingine aliyejifungua. Nilimtafuta kwa macho siku ile nzima. Watu mia walikuwa wamejaa uani na mimi nilikuwa nasubiri mmoja. Alipofika ilikuwa siku ya tatu, wanawake tumekaa mkekani, sahani zinapita, na mimi kwa uchungu niliokuwa nao nilipomwona mlangoni nikasema kwa sauti, wote wasikie: «Haya, wageni wa chakula wamefika.»

Zaina alisikia. Aligeuka, akaondoka. Na mimi badala ya kuinuka nimfuate, nilikaa. Nilikaa siku ile, nikakaa mwezi ule, nikakaa miaka minne. Tukikutana njiani yeye anaangalia ziwa, mimi naangalia mlima.

Halafu wiki ile ya mkasa Papa Idi akaniambia, tena akiwa ameng'ata pini mdomoni, kwamba Zaina miguu imemshinda, anavimba, na Mariamu amekuja kumchukua, Jumanne anampeleka kwake Kigali akae moja kwa moja, nyumba itapangishwa. «Hatarudi tena huyu,» akasema, «muntu wa umri ule akishavuka musitu ya Nyungwe, basi.»

Nikasema, «Aende salama.» Nikaingia ndani, nikapika ugali, nikauangalia mpaka ukapoa.

Mtu mwenye akili angevaa vizuri, akashika njia, akaenda kuomba msamaha. Mimi nilifikiri mambo mengi usiku, na kulipokaribia kucha nikaamua kwamba Ijumaa hiyo nitafanya siporo. (Msiniulize. Nilijiambia ni kwa ajili ya sukari.)

Nilichagua Ijumaa kwa sababu siku ya Ijumaa hakuna siporo, kwa hiyo hakuna watu, kwa hiyo hakuna wa kuniona. Baada ya sala ya alfajiri nilichukua suruali ya siporo ya Rehema, ya bluu yenye mistari myeupe pembeni, nikaingia ndani yake kidogo kidogo, mguu huu, pumzika, mguu ule, pumzika, na viatu vyake vya mpira navyo vikanikubali. Nilipojiangalia nikaona siwezi kutoka mlangoni hivyo, kwa hiyo nikafunga kitenge juu ya suruali. Kitenge kikikimbiwa kitaanguka, kwa hiyo nikachukua cha pili nikakikaza kiunoni juu ya kile cha kwanza. Na kwa kuwa kulikuwa na upepo wa ziwa, nikafunga kichwa kwa mtandio mweupe, nikaukaza chini ya kidevu.

Nikaona niko sawa kabisa. Sikuona nilichokuwa nimevaa. Mtu yeyote wa kwetu akimwona mwanamke mzima asubuhi mapema, kitenge kimekazwa kiunoni juu ya kitenge, kichwani mtandio mweupe, hana kikapu, hana mkoba, anajua anaenda wapi. Hivyo ndivyo tunavyojifunga tukienda kuosha maiti.

Nikatoka. Nilitembea kwanza, halafu nikaharakisha, halafu, wenzangu, nikakimbia. Ilikuwa kukimbia kwa jina tu, kuku angenipita, lakini upepo uliingia kwenye mtandio, mikono ikakumbuka inavyokaa, na nikajisikia nacheka peke yangu.

Papa Idi alikuwa anafungua mbao za dirisha lake.

«Maman Shabani! Kuko nini?»

Hapo ndipo palipoharibika. Neno moja lilitosha. Ningesema «siporo», angecheka, ningecheka, ingeisha. Lakini nilifikiria wateja wake wote wa siku ile, kila atakayekuja kupima sketi akipewa na habari yangu, nikaamua kunyamaza. Nikainua tu mkono, nikauelekeza mbele, nikapita.

Nikafika msikitini. Mzee Saidi alikuwa anafagia ngazi. Aliniona kwa mbali, akasimama na ufagio, na hakuniuliza kama kuna nini. Aliniuliza, «Asha, ni nani?»

Mimi pumzi ilikuwa imeniishia zamani. Mkono mmoja nimeuweka kifuani, wa pili nikaelekeza chini, kwenye njia ya ziwani, kumwambia napita tu, naenda kule. Machozi yalikuwa yananitoka kwa sababu ya baridi ya upepo. Na njia ile ya chini, sasa nikiifikiria, ina nyumba nyingi lakini ina mgonjwa mmoja.

«Zaina?» akauliza kwa sauti ndogo.

Kichwa cha mtu wa miaka yangu akikimbia hakitulii. Kinapanda, kinashuka. Kikamkubalia Mzee Saidi chenyewe.

«Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun,» akasema, ufagio ukaanguka, na mimi niliposikia sauti yake nikafikiri ananiombea dua nisianguke, nikamshukuru moyoni nikaendelea.

Sasa mteremko. Mteremko ule haukuulizi kama uko tayari. Miguu ikashika kasi yake, nikapita kona ya kwanza sikujua nimepitaje, na nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tangu Ramadhani alipokuwa hai, nasema kweli. Maman Devota alikuwa anapanda na kabichi zake kichwani. Akaniona, akaona nilivyojifunga, na kabla sijamfikia sauti ya Mzee Saidi ilikuwa imeshuka kutoka juu ikiita watu. Akatua kikapu palepale kando ya barabara, yeye asiyewahi kuacha kabichi hata moja peke yake.

«Yampayinka! Zaina wa batu! Juzi nilimuuzisha sombe!»

Katika mshangao ule na habari za sombe, yaani kisamvu, mimi nilisikia «Zaina» na «juzi» tu, nikafikiri ananiambia kwamba jana au juzi amemwona. Nikapita. Halafu pikipiki ikaja ubavuni, Innocent huyo, ananiangalia kwa huruma.

«Mukecuru, panda, nitakufikisha mara moja!»

Nikatikisa mkono kukataa. (Siporo gani hiyo unapanda pikipiki?)

«Ihangane, mama, pole,» akasema, na macho yake yalikuwa mekundu, «basi miye narudi nilete bengine.» Akageuza.

Nikamwona kijana mwenye adabu. Na baada ya muda nikaanza kusikia miguu nyuma yangu, kwanza miwili, halafu mingi, pu pu pu, na mtu analia kwa kuimba, na mimi (Mungu anisamehe) nikafikiri watu wamenifuata kwa siporo. Nikafikiri wameona mzee kama mimi anakimbia wakaona haya kukaa ndani. Nikajisikia mkubwa. Nikainua mkono juu nikauzungusha, kama wanavyofanya viongozi wa makundi siku ya Jumapili, wakazane.

Wakakazana.

Kwenye kona ya mwisho, ile ambayo ukiivuka unaona bati la nyumba ya Zaina, nikageuka niwaangalie watu wangu. Mbele alikuwa Maman Devota na wanawake saba au wanane, wote wamejifunga kama mimi. Nyuma yao wanaume. Na katikati ya wanaume, juu ya mabega ya wanne, lilikuwa jeneza la msikiti na kitambaa chake cha kijani.

Nikasimama. Nikasema kumbe kuna mtu amefariki na mimi niko hapa naruka kama mbuzi. Nikamshika mkono Maman Devota.

«Vestina, nani amekufa?»

Akanikumbatia. «Pole, mama wee. Machungu inakusahaulisha.»

«Nani?»

«Ni Zaina. Zaina wako.»

Sitaweza kuandika vizuri kilichofuata. Najua mnacheka, kwa sababu nyinyi mnajua habari ilitoka kwangu. Mimi sikujua. Mimi nililiona jeneza, nikaona Mzee Saidi analia, nikaona watu wazima ambao hawasemi uongo, na nikaamini kama wao walivyoamini. Miaka minne ikaniangukia yote kwa mara moja. Nilisema ndani yangu, Jumanne ilikuwa bado, ulikuwa na siku nne, mara ile alichelewa yeye, na safari hii ni weye umechelewa.

Nikakimbia. Ile ya kwanza ilikuwa mchezo. Hii sikusikia goti, sikusikia kifua. Kitenge cha juu kikaniachia, kikabaki barabarani, cha ndani kikaniachia kwenye lango, na mimi nikaingia uani mwa Zaina na suruali ya bluu yenye mistari, napiga ukelele, macho yamejaa maji sioni hata mlango, nikaingia sebuleni. Chini, kwenye mkeka, kulikuwa na kitu kirefu kimefunikwa shuka nyeupe.

Nikajitupa juu yake.

Nikasema yote. Nikasema Zaina nisamehe, hukuwa mgeni wa chakula, nilikuwa nimekungoja siku tatu na hasira ikasema badala yangu. Nikasema nilikuona kila Ijumaa ukipita kwenda msikitini na nilijua hata siku ulizobadilisha viatu. Nikasema nani atanipita kwenye njia iliyonyooka sasa. Nikasema mimi ndiye niliyevunja chungu cha mama yako tukiwa na miaka tisa, ukapigwa weye, nikanyamaza. Nyuma yangu wanawake wameshajaa mlangoni, wote wanalia, Maman Devota akilia kupita wote.

Halafu sauti ikatoka upande wa jikoni.

«Asha. Unasemesha nguo zangu?»

Nikainua kichwa. Zaina alikuwa amesimama kwa fimbo yake, kikombe cha chai mkono wa pili, nywele nusu zimesukwa nusu bado, na Mariamu nyuma yake ameshika kitana. Chini yangu shuka ilikuwa imefunuka: nguo, na nguo, na viatu vimefungwa kwa kamba, mizigo ya safari ambayo Mariamu alikuwa ameipanga usiku na kuifunika kwa sababu ya vumbi.

Mzee Saidi akachungulia kutoka uani.

«Nani amekufa hapa?» Zaina akamuuliza.

Mzee Saidi akavua kofia yake. «Ni weye.»

«Miye?» Akaangalia kikombe. «Na chai yangu haijapoa?»

Basi kulitokea kelele ambazo mpaka leo sijazisikia nyingine kama zile, waliokuwa wanalia wanacheka, waliobeba jeneza wamelitua kwenye ua wa maharage ya watu, Innocent anafika na Rehema nyuma ya pikipiki, na Mzee Saidi anauliza kwa ukali, «Habari ililetwa na nani? Nataka kujua, ililetwa na nani?» Papa Idi, ambaye alikuwa amefika na futi bado shingoni, akanionyesha kidole. Maman Devota akanionyesha kidole. Na Rehema ndiye aliyemaliza kazi:

«Bibi! Hiyo si suruali yangu?»

Ilibidi niseme. Nilisimama katikati ya watu wote wale na suruali imenikaza, nikasema nilikuwa nafanya siporo. Nikaeleza dokta, nikaeleza mkono niliouelekeza, nikaeleza kichwa. Kila nilivyoeleza ndivyo walivyoanguka kwa kucheka, Papa Idi akakaa chini kabisa, na Mzee Saidi peke yake hakucheka, alikuwa anahesabu ni watu wangapi ameshawapigia simu.

Lakini mimi nilikuwa namwangalia Zaina. Yeye alikuwa ameanza kucheka na wenzake, halafu kicheko kikamwishia usoni.

«Kwa hiyo hukukimbilia miye,» akasema. «Ulikuwa kwa siporo.»

Ningeweza kudanganya. Nilifikiria, siwafichi. Ningesema nilisikia vibaya, niliota ndoto, nikaja, na angefurahi. Lakini nilikuwa nimeshachoka na kunyamaza na kuelekeza mkono.

«Mpaka kwenye kona ilikuwa siporo,» nikamwambia. «Kutoka kwenye kona mpaka hapa ilikuwa weye.»

Akapiga hatua moja mbele kwa fimbo yake.

«Siporo iko na njia mingi hapa Kamembe,» akasema. «Ya uwanja wa ndege iko. Ya gare ya mabasi iko. Juu ya nini ukashika ya kwangu?»

Nikainama kukaza kamba za viatu vya Rehema. Jibu yeye alilijua.

«Ile yote umeambia nguo,» akasema, «uiambie sasa miye. Miko hapa.»

Nikaisema tena, mbele yao wote. Mara ya pili ilikuwa fupi na ngumu zaidi, kwa sababu mtu akiwa hai anakuangalia. Nilipomaliza, Zaina akampa Mariamu kikombe.

«Siku ile ya tatu nilikuya na sufuria,» akasema. «Nilipika samaki yako, sambaza, kule Bukavu, nikavuka nayo, kwa sababu ukiwa na huzuni weye haukuli nyama. Nilikuwa nayo mukononi. Haukuona?»

Sikuona. Wallahi sikuiona. Miaka minne sijaiona ile sufuria, na tangu siku hiyo naiona kila siku.

Mariamu akawapikia watu chai, kwa sababu watu waliofika na jeneza huwezi kuwarudisha hivihivi, na Zaina akaomba alione. Akalizunguka kwa fimbo yake, akalipima kwa macho, akamwambia Mzee Saidi ni fupi, miguu yake itatokea, watengeneze lingine, yeye hana haraka. Hapo ndipo Mzee Saidi alipocheka. Maman Devota akarudi kwenye kabichi zake akazikuta zote, na vitenge vyangu viwili mtu alikuwa amevikunja akaviweka juu ya kikapu.

Tulipata siku nne. Nilienda kila asubuhi kwa miguu, polepole, nikamsugua miguu kwa mafuta ya nazi, tukataja kila mtu tuliyesoma naye kwa Maalim Yusufu, aliyeko na asiyeko, na nilimaliza kumsuka ule upande ambao Mariamu aliuacha. Jumanne gari likaja. Alikaa mbele, akashusha kioo, akasema, «Usikimbie nyuma ya gari, batu bataleta tena lile jeneza.» Nilicheka mpaka gari lilipopotea, halafu nikaendelea kusimama pale, sijui muda gani.

Sasa Jumapili nakwenda na Rehema, na suruali yangu mwenyewe, pana, Papa Idi ameishona. Sifungi kitenge juu yake tena na sitafunga. Na nimeapa kwamba yeyote atakayeniuliza kuna nini, hata mtoto, nitasimama nimjibu kwa neno, pumzi iwepo isiwepo. Kundi likifika juu ya ule mteremko wao wanageuka kurudi mjini. Mimi nasimama kidogo. Nyumba ile wamepanga bibi na bwana vijana, wamepaka ukuta rangi ya waridi, na asubuhi kuna upepo uleule. Zaina ananipigia simu jioni, ananiuliza nimekimbia mpaka wapi. Namwambia. Ananiambia kule Kigali kila njia ni kilima na hakuna maji ya kuingiza uso.

Nimeandika kama ninavyokumbuka. Kama nimekosea jina la mtu, au wanawake walikuwa tisa si wanane, au kabichi zilikuwa sombe, Papa Idi aniambie, Vestina aniambie, na Mzee Saidi pia kama hasira imemwisha, nitafuta niandike upya. Zaina peke yake asinisahihishe kwa simu. Yeye kama kuna nilipokosea, aje.